Mgomba wa Lusweti

Gerezani, 27 Februari 2023

Kwako Mwalimu Barasa, mdogo wangu wa tumbo moja,

Nimefika salama, kama mtu anaweza kufika salama mahali pa namna hii. Nimepewa nguo za mistari, sahani ya bati na blanketi lililofunika wezi wa kila kabila. Kutoka huku hadi kwetu Lugari ni mwendo wa siku nzima, kwa hiyo usimruhusu mama ajaribu kuja na mguu wake ule. Wananiambia mfungwa mwenye adabu hupunguziwa theluthi moja, basi miaka yangu mitatu itakuwa miwili. Adabu ninayo. Ningekuwa sina, wewe ndiye ungekuwa unaandika barua hii.

Kuhusu lile gunia la nyama ya paa sina maneno mengi. Wewe unajua nani alilileta jikoni kwa mama ili awakaribishe wageni wake wa mjini. Askari wa wanyamapori walipouliza ni la nani, mimi nilinyoosha mkono. Mwalimu akifungwa anapoteza kazi, na wanawe wanafukuzwa shule. Mimi sina mke, wala sina mtoto wa kufukuzwa popote. Pale kortini ulinishika mkono ukalia, ukasema, "Kaka, sitasahau." Basi usisahau.

Sasa kazi. Kichaka cha baba kisiguswe. Majirani wote wamefyeka mpaka mtoni wakapanda mahindi, na sisi peke yetu ndio tumebaki na ekari kumi na moja za miti na nyasi. Mvua ya Machi ikinyesha, kanga wataanza kutaga kule chini, usiwapitishe ng'ombe. Mbwa wangu Askari asifungwe mnyororo, na ile kengele ya baba ya kuwindia ibaki shingoni mwake. Ile nyumba ya mawe aliyotuachia Bwana Kofia inavuja upande wa bomba la moshi, panda uzibe. Unaogopa kupanda, najua, tafuta mtu.

Mama hajui kusoma. Msomee yote, isipokuwa aya ya pili.

Ndugu yako,
Lusweti


Lurambi, 9 Aprili 2023

Kaka yangu mpendwa,

Barua yako nimeipokea na nimemsomea mama. Anakusalimu sana, anakuombea. Tafadhali, barua za jela husomwa na watu wengine, kwa hiyo mambo ya gunia tuyaache. Yaliyopita yamepita.

Nina habari njema. Kuna mtu wa Mumias, Alhaji Swaibu, mfanyabiashara na mtu wa dini. Alipita Lugari akaiona nyumba ya Bwana Kofia, akaipenda mno. Anaitaka pamoja na kichaka, ajenge mahali pa wageni kupumzika na kutazama ndege. Tutafakari kama watu waliosoma, kaka. Bwana Kofia alikuwa mkulima mzungu, aliwinda pale na baba akimshikia bunduki, halafu akaondoka akatuachia pembe ukutani na paa linalovuja. Uwindaji umepigwa marufuku tangu kabla wewe hujazaliwa. Kichaka ambacho huruhusiwi kuwinda ni nyasi ndefu tu. Na wewe mwenyewe unaona kimekupeleka wapi.

Hati ina majina yetu mawili, chini ya uangalizi wa mama. Inahitajika sahihi yako, yangu, na dole la mama. Mama amekubali. Nimeweka alama ya penseli mahali pa kutia sahihi ili usipate taabu.

Wako mtiifu,
Barasa


Gerezani, 30 Mei 2023

Mwalimu,

Karatasi yako hii hapa, imerudi kama ilivyokuja. Alama ya penseli nimeifuta kwa mate.

Mama amekubali? Mama yupi? Yule wetu hajawahi kukubali hata bei ya sukari siku ya kwanza. Mdomo wake umeanza lini kusema ndiyo bila kusikia kutoka kwangu?

Nakwambia ninyi watu wa chaki mnasahau haraka. Ule mwaka wa njaa, mahindi yalipokauka yakiwa na urefu wa goti, tulikula nini? Baba aliingia kichakani na mbwa wake na kengele, akarudi na kwale, akarudi na paa. Mboga mama alizichuma humo humo, na uyoga. Wewe ulikuwa mdogo, ulinenepa. Kabla ya kufa alituweka wawili pale kwenye baraza akasema shamba ni la kuuza mazao, kichaka ni cha kumwokoa asiye na kitu. Alikuwa ananitazama mimi aliposema hivyo, si wewe.

Mimi nikitoka huku nina mahali pamoja tu pa kwenda duniani. Wewe una nyumba Lurambi, una mke, una malipo ya mwezi. Mahali pangu pamoja unataka nikupe kwa kalamu? Nimekataa. Niulize tena mwaka ujao, nitakataa tena. Mwambie Alhaji sina ugomvi naye.

Na ukinisukuma, Barasa, nitamtafuta mtu wa kunipelekea neno kwa mama, ajue lile gunia lilifungwa na kamba za nani.

Lusweti


Lurambi, 21 Juni 2023

Kaka,

Umenena na nimesikia. Habari ya Alhaji imekwisha, isituharibie undugu.

Ila nakusihi jambo moja. Mama amepatikana na presha. Daktari amesema asishtuliwe hata kidogo. Usimtume mtu yeyote kwake na maneno. Barua zote zipitie kwangu, nitamchagulia ya kumsomea. Askari ni mzima, anabweka.

Barasa


Gerezani, 3 Machi 2024

Mdogo wangu,

Ya Agosti hukujibu. Ya Krismasi hukujibu. Nimejisemea labda shule imekubana.

Nimefundishwa useremala. Nimemtengenezea mama kigoda kifupi, cha kukalia akipika, mguu wake usiumie. Nimekipiga msasa mpaka kinateleza. Kila anayepita hapa anakikalia, ikabidi nikifiche. Mwambie kwamba kipo. Presha yake vipi? Niandikie hata mstari mmoja, hata ukinitukana nitashukuru.

Lusweti


Gerezani, 10 Novemba 2024

Barasa, Barasa, Barasa!

Natoka! Tarehe kumi na nne Februari, asubuhi. Wameniita ofisini wakanisomea. Adabu yangu imehesabiwa yote.

Usije kunichukua, utachelewa kazini. Nitapanda gari mwenyewe, niteremke pale njia panda, nitembee. Nataka kutembea. Nataka nipite kichakani kwanza, nisikie kengele ya Askari kabla hajaniona. Mwambie mama apike obusuma, ule ugali wa wimbi, na kuku wetu wa ingokho, ule mguu wote niachiwe mimi. Sina kinyongo na wewe kwa kunyamaza kwako. Mtu akikaa huku miaka miwili anaona vinyongo ni mzigo wa bure.

Mama asifagie chumba changu. Nataka nikute vumbi langu.

Kaka yako,
Lusweti


Lurambi, 15 Desemba 2024

Kaka Lusweti,

Barua hii haipiti posta. Nimempa Kipyegon, ambaye anakuja hapo kumwona mjomba wake. Ukiisoma, ichome. Soma ukiwa umekaa.

Usije nyumbani. Umekufa.

Nitakueleza kwa utaratibu. Alhaji Swaibu hakuondoka kamwe. Aliendelea kungoja, na mtu mwenye pesa hangoji milele. Wewe ulikuwa umekataa, ukanitisha na habari ya gunia. Nilifikiri sana. Mwezi wa Septemba nilikwenda nyumbani nikamwambia mama kwamba umefariki kwa homa, na kwamba kwa ajili ya ugonjwa wenyewe umezikwa huko huko, mwili hautolewi. Nilidhani ingeishia hapo, tulie, tuweke madole, basi. Lakini mama unamjua. Alisema mwanawe hawezi kulala ugenini bila kaburi kwao. Akataka mgomba uzikwe mahali pako, kama desturi ilivyo mtu akipotelea mbali.

Basi tukakuzika. Kijiji kizima kilikuja. Wazee walitaka mgomba ukatwe na mtu wa damu yako, kwa hiyo nilienda nyuma ya jikoni mwenyewe nikiwa na jembe, nikaung'oa mmoja mzima, nikautoa. Unanicheka siku zote kwamba sijui kazi ya mikono. Siku hiyo ungeniona. Tuliuvika lile koti la baba ulilokuwa ukivaa, tukauviringisha kwa shuka, tukautia kwenye sanduku la mbao ambalo halikuwa na kifuniko cha maana. Kaburi ni fupi, kwa sababu mgomba hauhitaji kina. Kengele ya baba pia iko humo. Askari hakuwa akiihitaji tena. Alikufa ule mwaka uliofungwa, sikutaka kukuhuzunisha. Mama alinyoa nywele. Alilia mpaka sauti ikakauka, na sasa ametulia, amekubali.

Watu mia mbili wakishuhudia mazishi, nani atakayeuliza swali? Karatasi zote za kifo chako nilizipata. Mama ameweka dole. Alhaji anachukua nyumba na kichaka mwisho wa Machi. Mama nitamhamishia kwangu, kuna chumba kimoja nyuma, karibu na banda la kuku. Atakuwa na joto.

Sasa nisikilize vizuri. Ukitokea pale njia panda kwa miguu yako, mama ataanguka afe, na utakuwa umemwua wewe. Wengine watakukimbia wakidhani ni mzimu. Na usidhani nimekutupa. Nimekutafutia kazi ya ulinzi kwa mtu wa Kitale. Chukua jina lingine, uanze maisha. Hukuwa na mke, hukuwa na mtoto, hukuacha pengo kubwa. Mimi nina watu wanaonitegemea. Uliwahi kujitoa kwa ajili yangu mara moja, kaka, na mara hii ni kumalizia tu.

Samahani.

B.


Gerezani, 6 Januari 2025

Barasa,

Kipyegon amekubali kukurudishia hii. Yako sikuichoma. Nimeisoma mpaka mikunjo imeanza kukatika.

Umenizika vizuri. Koti la baba ulikumbuka, kengele ulikumbuka. Askari alikufa na ukaniandikia kwamba anabweka. Nilikuwa nikilala nikiisikia ile kengele kichwani, mjinga mimi.

Nilitaka kukuandikia matusi, nikayaanza, yakanishinda. Kuna jambo moja tu limenikaa. Unasema mama alilia mpaka akamaliza. Kama amemaliza, mimi siwezi kumrudisha mwanzo. Presha yake kama si uongo mwingine wako, sitaki iwe mikononi mwangu. Nimekubali. Sitakuja. Nitakwenda huko Kitale nilinde mali ya mtu, nami sina yangu. Umeshinda, Mwalimu. Nakuchukia kwa moyo wangu wote, na mama nampenda kuliko ninavyokuchukia. Hapo ndipo uliponishika.

Mpe kigoda chake, nitamwachia kasisi wa gereza. Sema kilitengenezwa na mfungwa yeyote.

Lakini nijibu neno moja, nisaidie kulala. Umeandika kwamba uling'oa mgomba kwa jembe. Hukuukata? Uliuzika na tunguu lake la mizizi?

Aliyekuwa kaka yako


Lugari, 18 Machi 2025

Kwa Barasa aliye Lurambi,

Mimi ni Navalayo. Anayeandika ni Pascalia, katibu wa akina mama kanisani. Nimemwambia aandike vile ninasema, asilainishe. Akilainisha nitajua, kwa sababu nitamwambia anisomee.

Barasa, mwanaume mzima hajui kwamba mgomba wa kuzika hukatwa? Unakatwanga juu ya shina, ukiwa hauna mzizi, ndiyo maana unaitwa maiti. Wewe uling'oa na tunguu lake, ukauweka kwa shimo la futi mbili, mvua ya Novemba ikaja. Siku ya kwanza ya Januari nilienda kumpalilia mwanangu kaburi. Nikakuta machipukizi matatu. Nilikaa chini. Nikayagusa. Nikamwita Pascalia, nikamwuliza, "Wewe umewahi kuona maiti ikichipuka?" Akasema hajaona. Nikasema hata mimi sijaona, na nimezika mume, nimezika mama yangu, nimezika watoto wawili kabla ya nyinyi.

Pascalia akamwandikia kasisi wa gereza, kumwuliza kama mwanangu alikufa kweli. Sikukuambia. Ulipokuja mwisho wa Januari ukanipima kwa macho kama nimejitayarisha kuhama, ukaniambia nitapendanga chumba cha karibu na kuku, nilikupikia chai. Jibu la kasisi lilikuwa tayari chini ya mkeka uliokalia.

Tarehe kumi na nne Februari nilikuwa kwa mlango wa gereza. Mguu wangu? Tulipanda gari tatu. Pascalia alinibeba pale kwa ngazi kama gunia. Lusweti akatoka na kigoda chini ya kwapa, akatuona, akageuza uso ukutani. Alitaka kujificha asiniue! Nilimfuata huko ukutani nikampiga kofi. Nikamwambia hilo ni la kukubali kufa bila kuniuliza. Kisha nikamshika, na hapo sitasema zaidi, si habari yako.

Wazee walibishana siku mbili. Hakuna aliyekumbuka mtu aliyezikwa akarudi. Mwishowe wakasema aliyetoka kaburini haingii kwa mlango wa watu, basi tukabomoa ukuta wa jikoni, akapitia hapo. Kondoo alichinjwa. Kaburi lilifukuliwa mbele ya wote. Mizizi ilikuwa imeingia kwa mkono wa koti la baba yako, ikajaa mpaka kwa kiganja. Barua yako ile ya kumwambia amekufa, Lusweti alikuwa nayo mfukoni. Alikataa kuitoa. Niliichukua mimi, Pascalia akaisoma kwa sauti pale pale, yote, mpaka herufi yako moja ya mwisho.

Nikamwuliza mwanangu lile gunia lilikuwa la nani. Akanyamaza. Tangu utotoni, Lusweti akinyamaza amejibu.

Alhaji Swaibu alikuja. Alisalimia vizuri, akavua viatu, akaangalia lile shimo. Akasema yeye hanunui nyumba ya mtu aliye hai kwa dole la mama aliyelizwa na uongo. Ameenda kwa wakili wake. Yenu mtajuana.

Lusweti yuko kichakani sasa hivi. Kengele ameitoa kwa kaburi, ameipangusa kutu, hana mbwa wa kuivisha. Hacheki kama zamani. Anakula kidogo. Akisikia gari anasimama. Hicho ndicho ulichonirudishia, na nimekipokea.

Sasa sikiliza yako. Uliniambia kwa kinywa chako mwanangu mmoja amekufa. Nilinyoa. Nililia machozi ya mtu mzima, na machozi hayarudi ndani. Matanga yaliliwa, watu walichangia, dua zilisemwa. Hayo yote yalikuwa ya nani? Lazima yawe ya mtu. Nimewaza sana nikaona hesabu ni moja tu: mtoto mmoja alikufa mwezi wa Septemba, nami sikujua ni yupi.

Jumamosi iliyopita tulikuzika. Tumekuweka mle mle kichakani, chini karibu na mto, kanga watakuimbia. Hakuna mtu atanunua kichaka kilicho na kaburi lako, hata mimi nikifa. Lusweti aliniomba nisifanye. Alipiga magoti, mjinga yule, bado anakuombea. Nilimwambia akae juu ya kigoda chake anyamaze.

Wanao ni wajukuu wangu. Waje likizo. Ni mayatima sasa, tutawalisha. Mkeo akitaka kuvaa nguo nyeusi, avae. Wewe usije. Wazee wamesema mwenye kaburi akionekana kwa mlango apigiwe kelele kama mzimu, na mimi ndiye nitapiga ya kwanza.

Mgomba wako niliukata kwa mkono wangu, na panga la baba yako, juu ya shina. Niliugeuza pande zote nikiutafuta mzizi. Haukuwa na hata mmoja.

Dole langu hili hapa.

Navalayo,
mama wa Lusweti